Kuhoji na Kustahimili: Mafunzo Yasiyotumika Hayadumu

Katika muda wa takriban miaka kumi, nchi zetu za Afrika Mashariki zimefanya mageuzi makubwa katika mitaala ya shule. Rwanda ilianza kutumia mtaala unaotilia mkazo umahiri mwaka 2016. Kenya ilianza kuutumia wake katika madarasa ya mwanzo nchini kote mwaka 2019. Hapa Uganda mtaala mpya wa sekondari ya chini ulianza mwaka 2020, na Tanzania ikatoa toleo jipya la Sera yake ya Elimu na Mafunzo mwaka 2023. Mitaala hiyo inatofautiana kwa mengi, lakini yote inamtaka mwanafunzi afikiri, apime na atende, badala ya kukariri tu. Inamtaka pia awe na moyo wa kuikabili misukosuko ya maisha bila ya kupoteza dira.

Mwelekeo huo unastahili pongezi. Hata hivyo, jambo kuandikwa katika mtaala ni kitu kimoja, na jambo hilo kukaa katika kichwa cha mtoto ni kitu kingine. Katika makala haya tunakusudia kuchunguza maswali mawili ambayo kila mzazi, kila mwalimu na kila kamanda ana haki ya kuyauliza. Je, uwezo wa kuhoji na uwezo wa kustahimili hufundishika? Na kama hufundishika, kwa nini mahali pengine mafunzo hayo yamedumu, na mahali pengine yamefifia kama maandishi ya chaki yaliyonyeshewa na mvua?

Hasara ya kuamini kila neno

Wahenga wetu walisema kwamba lisemwalo lipo, na kama halipo laja. Methali hiyo ina hekima yake, kwani humwonya mtu asidharau fununu. Lakini katika mambo ya afya, kuamini kwamba lisemwalo lipo kumewapeleka watu wengi kaburini.

Mfano ulio karibu nasi ni ugonjwa wa Ebola uliotangazwa nchini mwetu tarehe 20 Septemba 2022, ukianzia katika wilaya ya Mubende. Kabla ya kutangazwa, na hata baadaye, wapo waliosadiki kwamba vifo vile vilitokana na uchawi. Wagonjwa wakapelekwa kwa waganga badala ya hospitali, na maradhi yakapata njia ya kuenea. Jambo hilo lilifikia kiasi kwamba mwezi Oktoba mwaka huo Rais Museveni aliwaamuru waganga wa kienyeji wasiwapokee wagonjwa. Ugonjwa ulipotangazwa kwisha, tarehe 11 Januari 2023, watu 142 walikuwa wamethibitishwa kuugua na 55 kati yao walikuwa wamefariki.

Hatusemi kwamba vifo vyote hivyo vilisababishwa na uvumi, la hasha. Aina ile ya Ebola haikuwa na chanjo iliyoidhinishwa wakati huo. Tunachosema ni kwamba katika hali kama hiyo, mtu anayejua kuuliza, "Wewe umejuaje? Ni wangapi waliotumia dawa hii, na wale wasioitumia walikuwaje?" ana silaha ambayo mwenzake hana. Silaha hiyo haiuzwi dukani. Kama haikutolewa shuleni, aghalabu haitolewi popote.

Jaribio lililofanyika nyumbani kwetu

Wako watu wanaodhani kwamba mtoto wa shule ya msingi katika darasa lenye watoto wengi, lenye ubao mmoja na mwalimu mmoja aliyechoka, hawezi kufundishwa mambo kama hayo. Dhana hiyo ilipimwa hapa Uganda, na matokeo yake yanajulikana.

Mwaka 2016 watafiti wa Chuo Kikuu cha Makerere, wakiwemo Allen Nsangi na Daniel Semakula, kwa kushirikiana na wenzao wa Norway, walizichukua shule za msingi 120 katika eneo la kati la nchi. Kwa njia ya bahati nasibu, shule hizo ziligawanywa katika mafungu mawili. Katika fungu moja, watoto wa darasa la tano walipewa kitabu chenye hadithi za picha na wakafundishwa masomo tisa katika muhula mmoja, kila somo likichukua dakika 80. Fungu la pili liliendelea na masomo yake ya kawaida. Walimu walikuwa wale wale wa siku zote, nao walipewa semina fupi tu. Watoto waliohusika walizidi 10,000.

Mafundisho yenyewe hayakuwa ya kumwambia mtoto kwamba dawa hii ni nzuri na ile ni mbaya. Mtoto alifundishwa kupima madai. Alijifunza kwamba dawa kutumiwa tangu enzi za mababu hakuthibitishi kwamba inaponya, na kwamba dawa kuwa mpya au ghali hakuthibitishi hivyo pia. Alijifunza kwamba mtu mmoja kupona baada ya kunywa kitu si ushahidi wa kutosha, kwa sababu huenda angalipona hata kama asingalikunywa chochote. Alijifunza kwamba ili kujua kama dawa inafaa, lazima kulinganisha walioitumia na wasioitumia, na ulinganisho huo uwe wa haki. Mtoto aliyeyashika hayo, akisikia kwamba samadi ya ng'ombe hutibu mahali palipoungua moto, hatatukana wala kucheka. Atauliza.

Mwisho wa muhula watoto wote walipewa mtihani mmoja. Katika shule zilizofundishwa, watoto 69 katika kila 100 walifaulu. Katika shule nyingine walifaulu 27 tu katika kila 100. Matokeo hayo yalichapishwa mwaka 2017 katika jarida la tiba la The Lancet, na yakawashangaza wengi waliozoea kuamini kwamba elimu ya namna hiyo ni ya nchi tajiri. Baadaye, mwaka 2022, majaribio ya aina hiyo yalifanywa katika shule za sekondari za Uganda, Kenya na Rwanda, na katika nchi zote tatu wanafunzi waliofundishwa waliwashinda wenzao kwa mbali.

Watoto walishika, wazazi wakasahau

Ushindi wa siku ya mtihani, hata hivyo, si ushindi wa maisha. Jambo la maana zaidi ni lililotokea mwaka mmoja baadaye, watafiti waliporudi kuwapima watoto wale wale. Waliofundishwa walikuwa hawajasahau. Waliofaulu safari hii walikuwa 80 katika kila 100. Wenzao ambao hawakupewa masomo nao walikuwa wamepanda hadi 52, jambo linaloonyesha kwamba mtoto hukua hata bila ya somo maalumu. Lakini pengo kati ya mafungu hayo mawili lilikuwa bado kubwa.

Sasa tutazame upande wa pili. Sambamba na jaribio la shule, watafiti hao waliandaa vipindi vya kusikiliza, mfano wa vile vya redio, kwa ajili ya wazazi. Wazazi walivisikiliza, na walipopimwa muda mfupi baadaye walifanya vizuri sana kuliko wale waliosikiliza matangazo ya kawaida ya afya. Lakini mwaka ulipopita, sehemu kubwa ya faida hiyo ilikuwa imepotea.

Mada ilikuwa ile ile, nchi ile ile na watafiti wale wale. Tofauti, kwa maoni yetu, ni kwamba mtoto alikaa darasani, akafanya mazoezi, akajibu, akakosea, akasahihishwa na kubishana na wenzake, wiki baada ya wiki. Mzazi alisikiliza tu. Mwenye kufundishwa kuogelea kwa maneno, akiwa ameketi ufukweni, hujua kuogelea mpaka siku atakapotumbukia majini.

Somo la Uingereza na somo la Masaka

Tukitoka kwenye uwezo wa kuhoji na kuingia kwenye uwezo wa kustahimili, tunakuta hali inayofanana na hiyo. Kuanzia miaka ya 1990, wanasaikolojia wa Chuo Kikuu cha Pennsylvania nchini Marekani waliandaa mafunzo ya kuwakinga watoto na sonona. Msingi wake unaeleweka kwa urahisi: kati ya tukio na hisia liko wazo, na mtu anaweza kulikagua wazo hilo. Mtoto aliyeshindwa mtihani hudhani kwamba yeye ni mjinga na hatafaulu kamwe. Anafundishwa kulichukua wazo hilo kama dai, aulize ushahidi wake, kisha atafute njia. Msomaji ataona kwamba hapa kustahimili na kuhoji ni ndugu wa tumbo moja.

Mwaka 2007 serikali ya Uingereza iliyapeleka mafunzo hayo katika shule za Manchester, Hertfordshire na South Tyneside, yakafundishwa kwa watoto waliokuwa wanaanza sekondari. Tathmini ya mwisho ilitolewa mwaka 2011. Mara baada ya masomo, dalili za sonona zilikuwa zimepungua. Muda wa mwaka mmoja au miwili ulipopita, watoto waliofundishwa walikuwa hawatofautiani na wengine. Somo lilikwisha, vitabu vikafungwa, shule ikarudi katika desturi zake, na faida ikafifia.

Linganisha na yaliyotokea hapa kwetu mwaka 2002, katika vijiji 30 vya Masaka na Rakai, sehemu zilizokuwa zimepigwa vibaya na UKIMWI. Watu wazima wenye sonona waliwekwa katika vikundi vilivyokutana kila wiki kwa muda wa wiki 16, wanaume peke yao na wanawake peke yao. Aliyeongoza kikundi hakuwa daktari, bali mwenyeji wa eneo hilo aliyepewa mafunzo. Wanakikundi walizungumzia misiba, ugomvi wa nyumbani na mabadiliko ya maisha, wakashauriana hatua za kuchukua. Ilipofika mwisho, waliokuwa bado na ugonjwa huo katika vikundi hivyo hawakufika 7 katika kila 100, na katika vijiji visivyokuwa na vikundi walikuwa zaidi ya nusu. Miezi sita baadaye nafuu hiyo ilikuwa bado ipo. Tena, vikundi vingi vilikuwa vinaendelea kukutana vyenyewe, bila ya kusukumwa na mtu.

Hatuwezi kudai kwamba watoto wa Manchester na wakulima wa Masaka ni sawa, wala kwamba shida zao zilikuwa za aina moja. Lakini ni vigumu kupuuza kwamba Masaka mafunzo yaligeuka kuwa desturi ya kijiji, na kule kwingine yalibaki kuwa somo katika ratiba.

Siku kumi za sajini wa Marekani

Kutoka shule za Uingereza, mafunzo hayo hayo ya Pennsylvania yaliingia jeshini. Mwaka 2009 Jeshi la nchi kavu la Marekani lilikuwa limechoshwa na vita vya Iraki na Afghanistani. Idadi ya askari waliokuwa wakijiua ilikuwa inapanda, na wakuu walihitaji jawabu la haraka. Wakaanzisha mpango mkubwa wa ustahimilivu uliotengewa dola milioni 125. Kila askari alitakiwa kujibu dodoso lenye maswali zaidi ya 100 kuhusu hali yake ya moyo. Masajini walipelekwa katika kozi ya siku kumi, kisha wakarudi vikosini kuwafundisha wenzao yale yaliyokuwa yameandaliwa kwa ajili ya watoto wa shule. Askari waliofikiwa walizidi milioni moja.

Wataalamu kadhaa wa saikolojia walipinga, si kwa sababu ya nia, bali kwa sababu ya utaratibu. Walisema kwamba mpango huo ulienezwa katika jeshi zima kabla ya kujaribiwa kwanza katika vikosi vichache. Mwaka 2014 kamati ya wataalamu wa Taasisi ya Tiba ya Marekani ilipochunguza programu za kuzuia maradhi ya akili jeshini, haikupata ushahidi wa kuridhisha kwamba mpango huo umezuia maradhi hayo kwa kiasi cha maana.

Haitupasi kuwacheka Wamarekani. Jambo la kujifunza ni kwamba jeshi lenye fedha na wasomi wengi kuliko majeshi mengi duniani lilidhani kwamba ustahimilivu unaweza kugawiwa kama sare na viatu: kozi moja, dodoso moja, saini, imekwisha. Askari akarudi katika kikosi ambamo kukiri hofu ni aibu, ambamo kwenda vitani mara ya tatu na ya nne hakuepukiki, na ambamo hakuna anayemuuliza analalaje usiku. Kozi ya siku kumi haina nguvu ya kushindana na maisha ya miaka kumi.

Jambo la ajabu ni kwamba jeshi hilo hilo, miaka mingi kabla yake, lilikuwa limejenga desturi nyingine bila ya kelele. Tangu katikati ya miaka ya 1970, na hasa baada ya kuanzishwa kwa kituo kikubwa cha mazoezi cha Fort Irwin mwaka 1981, kila zoezi hufuatiwa na kikao cha tathmini. Kamanda na askari wa cheo cha chini hukaa pamoja na kuulizana mambo machache. Tulikusudia nini? Kimetokea nini hasa? Kwa nini? Tubadilishe nini? Katika kikao hicho koplo anaruhusiwa kusema kwamba amri ilichelewa kufika, na kamanda hawezi kumwadhibu kwa kusema hivyo. Desturi hiyo imeigwa na majeshi mengine, hata na viwanda na hospitali. Haina jina la kitaalamu la kutisha, wala haihitaji dodoso. Inarudiwa baada ya kila zoezi, mpaka inakuwa tabia.

Buulo Mareer na swali la hofu

Kwetu sisi mambo haya si hadithi za mbali. Majeshi yetu yamekuwa nchini Somalia tangu Machi 2007, na yamelipa gharama kubwa ya damu. Alfajiri ya tarehe 26 Mei 2023 wapiganaji wa Al-Shabaab walikishambulia kituo chetu cha Buulo Mareer, kusini-magharibi ya Mogadishu, kwa magari yenye mabomu na kundi kubwa la watu. Baadaye Rais Museveni alilitangazia taifa kwamba askari wetu 54 walikuwa wamekufa. Alieleza pia kwamba baadhi ya askari walitaharuki, na kwamba maofisa wawili walitoa amri ya kurudi nyuma ambayo haikustahili. Vikosi vilijipanga upya na kituo kikakombolewa.

Kutangaza jambo la namna hiyo hadharani si kitu kidogo kwa mkuu wa nchi yoyote, na kunafungua mlango wa mjadala wa haki. Hatuna ruhusa ya kuwahukumu mashujaa waliolala. Yeyote ambaye hajasimama mbele ya gari lililojaa baruti alfajiri hana la kusema juu ya hofu yao. Lakini tunawajibika kuuliza kwa ajili ya walio hai: askari hufundishwaje kuitawala hofu, na ofisa hufundishwaje kufikiri sawasawa wakati masikio yanapolia kwa mlipuko?

Jawabu tulilolipata katika mifano ya juu linatuelekeza mahali pamoja. Moyo wa kustahimili vitani haupatikani katika hotuba ya asubuhi. Unapatikana kwa kurudia mazoezi katika hali inayofanana na vita, usiku, kwa kelele na moshi. Kwa kuulizana kila mara baada ya zoezi. Na kwa kiongozi mdogo kuzoezwa kuamua, si kungoja tu kuamriwa. Unapatikana pia kwa kumpokea vizuri askari anayerudi nyumbani, ili ndoto zake mbaya zisigeuke kuwa pombe, ugomvi au risasi.

Hapa tuna hazina ambayo majeshi mengi hayana. Kiswahili kimekuwa lugha ya kambi zetu tangu siku za jeshi la kikoloni la King's African Rifles. Kuruta kutoka Karamoja, Buganda, Acholi na West Nile hukutana katika lugha hiyo moja. Lugha ambayo hadi leo wengi huijua kama lugha ya kuamriwa inaweza pia kuwa lugha ya kuulizana na kufarijiana.

Je, kuhoji huvunja nidhamu?

Wako watakaosema, na hoja yao si ya kupuuzwa, kwamba askari anayehoji ni hatari kwa wenzake. Jeshi haliendeshwi kwa kura. Amri ikitolewa chini ya risasi, anayesimama kuuliza sababu ataua watu.

Sisi tunakubaliana nao kuhusu wakati, lakini hatukubaliani nao kuhusu jambo lenyewe. Kuna wakati wa kuuliza, nao ni kabla, mpango unapoelezwa, na baada, makosa yanapochambuliwa. Aliyeruhusiwa kuuliza kabla ndiye anayetii kwa haraka baadaye, kwa sababu anajua analolifanya. Tena iko amri ambayo haipaswi kutiiwa hata kidogo. Mahakama ya Nuremberg ya mwaka 1945 hadi 1946 ilikataa utetezi wa wale waliosema kwamba walikuwa wakitii wakubwa tu. Nasi Uganda hatuna haja ya kwenda Ujerumani kutafuta mifano. Kati ya mwaka 1971 na 1979 wananchi wa nchi hii waliona kwa macho yao maana ya jeshi linalotii kila neno la mtu mmoja. Ndiyo maana wapiganaji wa National Resistance Army waliwekewa kanuni za maadili na makamisaa wa siasa, ili anayebeba bunduki ajue anaibeba kwa ajili ya nani. Hiyo nayo ilikuwa elimu ya kufikiri.

Shuleni hoja ni hiyo hiyo. Mwalimu mwenye watoto wengi huogopa kwamba akiruhusu maswali darasa litamponyoka. Lakini watoto wa mwaka 2016 hawakuwa waasi. Walijifunza kwamba swali lina adabu yake: hulengwa kwenye dai, halilengwi kwenye heshima ya mtu. Wahenga hawakusema bure kwamba asiyeuliza hanalo ajifunzalo. Hata Mwalimu Nyerere, katika waraka wake wa Elimu ya Kujitegemea wa mwaka 1967, alitaja akili ya kudadisi miongoni mwa mambo ambayo shule ilipaswa kumpa mtoto. Zaidi ya nusu karne imepita, na shule nyingi za pande zote za mpaka bado zinampa mtoto daftari la kunakili.

Mambo yanayohitaji kutendwa

Kwa maoni yetu, hatua ya kwanza ni mtihani. Mwalimu hufundisha kitakachoulizwa, na mzazi hulipia kitakachoulizwa. Kama mtihani wa kumaliza shule ya msingi utaendelea kumtaka mtoto ataje tu, basi kupima na kuhoji vitabaki kuwa mapambo ya mtaala. Mwaka 2024 wanafunzi wa kwanza wa mtaala mpya wa sekondari ya chini walifanya mtihani wao wa taifa. Huo ni mwanzo mzuri, na inafaa mwanga huo ushuke hadi shule za msingi.

Hatua ya pili ni mwalimu mwenyewe. Hawezi kufundisha kuhoji mtu ambaye katika chuo cha ualimu hakuruhusiwa kuhoji, na ambaye mkaguzi humpima kwa ukimya wa darasa lake. Jaribio la mwaka 2016 lilionyesha kwamba mwalimu wa kawaida anaweza kazi hii akipewa kitabu kizuri na muda katika ratiba. Muda ndio uliokuwa mgumu kupatikana, kwa sababu somo hilo halikuwa katika ratiba rasmi.

Hatua ya tatu ni lugha. Mtoto wetu hufundishwa kwa lugha ya nyumbani katika madarasa matatu ya kwanza, kisha huingizwa katika Kiingereza. Wengi hunyamaza, si kwa kukosa swali, bali kwa kuogopa kuchekwa wanapolitamka. Mwaka 2022 Baraza la Mawaziri liliamua kwamba Kiswahili kiwe somo la lazima katika shule za msingi na sekondari. Somo hilo likifundishwa kwa midahalo na hoja, badala ya orodha za ngeli tu, litakuwa uwanja mzuri wa kumzoeza mtoto kusimama na kusema, "Sikubali, na sababu yangu ni hii."

Hatua ya nne ni ya jeshi: vikao vya tathmini viwe desturi katika kila kikosi, na huduma ya moyo kwa wanaorudi kutoka vitani iwe haki, isiwe fadhila. Kabla ya kununua mpango wowote kutoka nje, na upimwe kwanza katika vikosi vichache, kwa ulinganisho wa haki, kama watoto wa darasa la tano walivyofundishwa kuipima dawa.

Iko hatua ya tano, nayo ni ngumu kuliko zote, kwa kuwa haihitaji fedha. Ni wakubwa kukubali kuulizwa. Tutakuwa wanafiki tukimfundisha mtoto kumwomba mganga ushahidi, kisha tukakasirika anapomwomba ushahidi mwalimu, diwani, ofisa wa wilaya, au gazeti analolisoma. Mtoto hutazama zaidi kuliko anavyosikiliza. Akiona kwamba swali huleta fimbo, atalimeza, na pamoja nalo atameza kila uvumi utakaopita mtaani.

Ugonjwa mwingine utakuja, na vita vingine huenda vikaja. Hakuna anayeweza kuahidi vinginevyo. Wakati huo hatutakuwa na nafasi ya kuanza kufundisha. Tutakuwa na wananchi na askari wale tu ambao tuliwazoeza kila siku, katika madarasa na makambi, kupima neno kabla ya kuliamini na kuishika akili yao wakati wa hofu. Kazi ya kuwazoeza ni ya leo.